Isiyopitika

Kuna neno ambalo vyumba vya habari vya nchi hii hulitoa kabatini kila ifikapo Machi: haipitiki. Barabara ya mahali fulani haipitiki. Wananchi waiomba serikali. Picha ya lori limelala ubavu. Kisarufi ni neno zuri sana, limetulia, halina mtenda. Nani hasa hapiti? Neno halisemi. Mimi ni mwandishi wa habari, nimekulia Suma, wilaya ya Rungwe, na neno hili linanikera kwa sababu moja tu: siku hiyohiyo gazeti linapotangaza kwamba njia haipitiki, kuna mtu anapita. Anapita na viroba viwili vya majani ya chai, au kreti za soda, au mama mwenye uchungu, juu ya pikipiki ambayo tairi lake la nyuma halizidi upana wa kiganja changu.

Sisemi barabara ni nzuri. Mbovu ni mbovu. Nasema kwamba ndani ya neno hilo kumefichwa ufundi mzima, wenye msamiati wake, walimu wake na majeruhi wake. Wapenzi wa fasihi tumezoea kukutana na barabara ya tope kama ishara: ishara ya umaskini, ya ahadi za uchaguzi, ya kijiji kilichosahauliwa. Kijiweni Suma tope ni tope, na swali ni moja tu: utalishikaje?

Kwa asiyepajua kwetu. Tukuyu, makao makuu ya wilaya, ni kati ya miji inayonyeshewa sana Tanzania. Mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho Dodoma haifikishi hata theluthi yake. Inaanza Novemba, inachachamaa Machi na Aprili, na Mei bado inadondoka. Udongo wetu umetokana na volkano, majivu ya kale ya mlima Rungwe na wenzake yaliyooza yakawa mfinyanzi. Ndio unaotupa ndizi, parachichi na chai, na ndio unaotuangusha. Chai ndiyo yenye kejeli kuliko vyote. Ikipata mvua inachipua kwa fujo, yaani mavuno makubwa yanakuja wakati uleule njia inapoharibika. Na jani la chai halina subira. Likikaa limebanana ndani ya kiroba linapata joto, linageuka jekundu, kiwandani wanalikataa. Linatakiwa lifike siku hiyohiyo. Kwa hiyo lori la chai linaposhindwa kuteremka, bodaboda ndiyo inayolifuata jani huko bondeni.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliendesha bodaboda Suma kwa miaka sita. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba utelezi hauko wa aina moja. (Vijana wa mjini wana maana yao nyingine ya neno utelezi, tuwaachie.) Tope zito, lile linalofika kwenye eksozi, yeye haliogopi. Linakukamata, unazama, unazima injini, unashuka unasukuma. Linachosha tu. Linaloua ni lile ambalo hata halionekani kama tope: manyunyu ya kwanza juu ya njia iliyokaa siku nne kavu, ikashindiliwa na matairi na miguu ya watu mpaka ikang'aa. Chini pagumu kama sakafu, juu kuna ute mwembamba kama ngozi ya maziwa. Hapo tairi halina cha kung'ata. Yeye anaita hali hiyo sabuni. "Dada, leo kuna sabuni, tusubiri mvua iongezeke." Mgeni akisikia hivyo anadhani kijana amechanganyikiwa. Mvua iongezeke? Ndiyo. Ikinyesha kweli ule ute unaosheka au udongo unalainika, tairi linapata pa kuingia.

Kuhusu tairi lenyewe. Lile linalokuja na pikipiki mpya mara nyingi ni la lami: kashata zake fupi, zimekaribiana. Tope linajaa katikati ya kashata, na gurudumu likishazunguka mara tatu huna tena tairi, una mpira laini uliopakwa udongo. Kashata ndefu zilizoachana zinajitema zenyewe, gurudumu likizunguka tope linaruka. Ila tairi la namna hiyo ni ghali, na kwenye lami linaisha upesi, na bodaboda wa Suma anahitaji vyote viwili kwa siku moja: asubuhi bondeni, mchana Tukuyu mjini. Hapo ndipo ujanja unapoanza.

Ujanja wa kwanza ni upepo. Unapunguza. Tairi likilegea linatandika eneo kubwa zaidi chini na kujikunja juu ya jiwe badala ya kulidunda. Lakini usipunguze kama mlevi. Tairi likilegea mno linateleza juu ya rimu, linaivuta na tyubu, na tyubu ikizunguka ndani inang'oa valvu yake. Pancha ya namna hiyo haizibiki, unanunua tyubu mpya. Mdogo wangu hana kipimo cha upepo. Anaminya kwa dole gumba, kama mama anavyominya parachichi sokoni.

Ujanja wa pili ni mnyororo. Siyo ule wa kuzungusha gurudumu, huo ni cheni; nasema mnyororo wa kawaida, wa kufungia mbwa au geti. Anaukata vipande, kila kipande kinapita juu ya tairi la nyuma, kinaingia katikati ya spoku na kukumbatia rimu, halafu kinafungwa kwa bolti. Lazima vipande viachane sawasawa, la sivyo gurudumu linachechemea. Lazima pia apime nafasi iliyopo kati ya tairi na vyuma vinavyolishika, maana mnyororo ukilegea hata kidogo unakamata kitu na gurudumu linajifunga ghafla. Wasio na hela ya mnyororo wanafunga kamba ya katani, ambayo inasaidia mpanda mmoja au miwili kabla ya kukatika. Madigadi ya mbele inapandishwa juu au inafunguliwa kabisa ili tope lisijae kati yake na tairi.

Halafu kuna mwili. Kupanda, gia ya pili, siyo ya kwanza kama unavyodhani, kwa sababu ya kwanza ina nguvu mno na gurudumu linachimba shimo lake lenyewe. Resi iwe moja, isipande wala kushuka, kama mtu anayemimina chai kwenye kikombe kinachokaribia kujaa. Kushuka, gia ya kwanza na klachi usiiguse. Injini ndiyo breki yako. Breki ya mbele kwenye sabuni sahau. Macho yaende unakotaka kwenda, maana ukilitazama korongo utaingia korongoni, hilo hata sijui mwili unalifanyaje lakini nimeliona kwa macho yangu. Na abiria? Abiria ni nusu ya kazi. Anayeogopa anatoa mguu nje, au anaegemea upande wa pili kona inapokuja, na pikipiki inapata mabwana wawili. Maelekezo niliyopewa mimi yalikuwa mafupi: "Dada, kaa kama kiroba. Kiroba hakiogopi."

Haya yote hakufundishwa popote. Leseni yake aliipata, ndiyo, lakini mambo ya mnyororo na sabuni aliyapata kijiweni, kwa rika lake. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi na kufanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima, Good Company, kilichotoka 1951, kuhusu vijiji vya rika: vijana wa kiume walitoka kwa baba zao wakajenga pamoja, wakala pamoja, wakalelewa na urafiki wao wenyewe. Vijiji hivyo havipo tena kwa namna ile. Ila nikipita kijiweni saa kumi na mbili asubuhi, nikawaona vijana kumi na wawili wamekaa juu ya pikipiki zao wanamcheka mmoja aliyeanguka jana huku wakimwonyesha ni wapi alikosea, huwa namkumbuka mama yule na daftari lake.

Mwaka juzi nilikuwa naandaa makala kuhusu usafiri wa wagonjwa vijijini. Katika kusoma huku na huko nikaangukia habari za Joseph-Armand Bombardier, fundi wa magari wa kijiji cha Valcourt, Quebec, nchini Kanada. Kule wakati ule theluji ikishuka, barabara za vijijini zilifungwa mpaka majira yabadilike. Hazikupitika, kama wangesema wenzangu. Bombardier alikuwa akihangaika na chombo cha kupita juu ya theluji tangu akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo wa miaka miwili, Yvon, aliugua tumbo, uvimbe wa ndani uliohitaji upasuaji wa haraka. Njia ilikuwa imejaa theluji, na chombo cha baba yake kilikuwa bado hakijakamilika. Mtoto akafa. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mkanda wa mpira unaozungushwa na gurudumu la meno, na mwaka 1959 kiwanda chake kikatoa pikipiki ndogo ya theluji, Ski-Doo, ambayo leo watu wa huko wanaipanda zaidi kwa starehe.

Nilisoma habari ile nikiwa kwenye daladala, nikashindwa kuiacha. Nikatafuta jinsi pikipiki hizo zinavyokwenda, hasa kwenye barafu, kwa sababu theluji laini ina pa kushika lakini barafu ni ile sabuni ya mdogo wangu, tena sabuni ya msimu mzima wa baridi. Kumbe wanafanya yaleyale. Mbele kuna skii mbili za kugeuzia, na chini ya kila moja kunafungwa fito la chuma chenye ncha ngumu linalokwaruza barafu ili chombo kikubali kona. Nyuma, kwenye mkanda, wanapigilia njumu za chuma. Na sheria yao ya kwanza ni kwamba njumu za nyuma na ncha za mbele lazima zilingane. Ukijaza njumu nyuma ukasahau mbele, mkanda unashika vizuri mno, unausukuma mwili wote moja kwa moja, na skii zinateleza tu juu ya barafu huku umekata usukani mpaka mwisho. Utashangaa unaelekea kwenye mti ukiwa na nguvu zote duniani.

Nilimsomea mdogo wangu hiyo sehemu kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Hao jamaa wanajua." Kumbe kijiweni walishaligundua kwa njia ngumu. Mwenzao mmoja alifunga mnyororo mzito nyuma huku tairi la mbele likiwa kipara. Mpanda aliumaliza kwa raha, kona ya juu akakata, pikipiki ikakataa, ikaenda kwenye migomba na mtu wake. Tangu siku hiyo anayefunga mnyororo kijiweni anakaguliwa kwanza tairi la mbele. Hawana ncha za chuma za kuweka mbele, basi angalau kashata ziwepo.

Aprili iliyofuata nilikuwa nyumbani, msibani. Usiku wa tatu wifi yangu, mke wa kaka yangu, akashikwa na uchungu wiki mbili kabla ya siku zake. Ilikuwa saa nne, mvua imenyesha tangu mchana. Tulipiga simu ya gari la kukodi. Dereva akasema atakuja mpaka lami, chini hashuki hata kwa laki. Simlaumu. Gari lake lingeingia mtaroni na usiku ule tungekuwa na matatizo mawili.

Mdogo wangu alikuja na pikipiki tatu, yake na za wenzake wawili. Hakusema mengi. Aliweka tochi mdomoni akaanza kufunga mnyororo huku wifi amekaa kibarazani anahesabu pumzi. Akamweka wifi katikati na mama mdogo nyuma yake, amemkumbatia. Mshikaki kabisa, sheria inakataza, na trafiki wangekuwa na haki ya kutuandikia faini kama kungekuwa na trafiki. Lakini ninachotaka kukwambia ni hesabu aliyoipiga, kwa sauti, kama anajisemea: watu watatu uzito unakaa nyuma, mnyororo utashika, mpanda hauna shida. Shida ni mbele kuwa nyepesi. Akamwambia mama mdogo asogee mbele mpaka tumbo la wifi ligusane na mgongo wake. "Mama, nisamehe, nikandamize kabisa." Mama mdogo, mtu mzima, mjane, kiongozi wa kwaya, akasogea.

Mimi nilikuwa pikipiki ya pili. Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni wakasimama. Pale pana urefu kama wa uwanja wa mpira, umeinama, na pembeni korongo. Vijana wanne waliotufuata kwa miguu wakaja wakashika keria ya pikipiki ya mdogo wangu, wawili huku, wawili kule, miguu yao imechimba udongoni, wakawa breki. Gia ya kwanza, injini inaguna, hatua kwa hatua. Katikati ya mteremko uchungu ukaja na wifi akajikunja. Nikasikia mdogo wangu anasema, bila kugeuka, "Simama, wote simama," na wote wakasimama pale kwenye giza, mvua inawanyea, mpaka ulipopita. Kisha wakaendelea. Hakuna aliyepiga kelele. Nimehudhuria mikutano mingi ya waandishi wa habari, ya mawaziri na ya wafadhili, na sijawahi kuona watu wamepangika vile.

Lami tuliikuta gari linasubiri. Mtoto alizaliwa hospitali kabla ya alfajiri, wa kike, kilo mbili na nusu. Bibi yake alisema ndaga fijo kwa kila aliyekuwa karibu, hata mlinzi wa geti.

Kwenye lami mnyororo hukai nao; unakula tairi, unakatika, unaweza kukurushia kipande usoni. Kwa hiyo mdogo wangu aliufungua palepale, akautia kwenye mfuko, akalifuata gari mpaka hospitali kwa sababu kaka yangu alikuwa safarini na alitaka awepo mwanamume. Saa kumi na moja na nusu akaanza kurudi. Mvua ilikuwa imekata usiku, barabara ya juu imeanza kukauka kwa upepo, halafu yakashuka manyunyu. Unaijua hali hiyo sasa. Hakuanguka mtoni. Alianguka mahali tambarare, karibu na duka, pasipo na jina wala hadithi, akiwa peke yake, gia ya tatu, mnyororo mfukoni. Alivunjika mtulinga wa kushoto.

Mfupa uliunga baada ya miezi miwili na kidogo. Kilichovunjika vibaya zaidi ni mkataba. Pikipiki haikuwa yake. Aliichukua kwa mtu wa mjini kwa hesabu ya kila wiki, na baada ya miezi kumi na minne ingekuwa mali yake. Alikuwa amebakiza mitatu. Tulichanga tukalipa wiki tatu. Wiki ya tano mwenye pikipiki akaja kuichukua, kwa adabu, ameshika karatasi. Karatasi ilikuwa sahihi. Kila kitu kilichoandikwa pale kilikuwa cha kweli, na hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba usiku ule wa Aprili aliyekuwa akibeba hatari ya barabara nzima ni kijana mmoja kwa bega lake. Bombardier alipata hataza. Barabara kama zetu ziko chini ya TARURA tangu 2017, na najua bajeti haitoshi, nimeandika habari za bajeti hizo mwenyewe. Ila kabla greda halijafika, na hata siku linapochelewa, kuna mtu analipa tofauti. Analipa kwa tyubu, kwa bolti, kwa mnyororo wa duka la vifaa, kwa mfupa. Abiria naye analipa, ndiyo, nauli inapanda mara tatu wakati wa masika na watu wanalalamika kwamba bodaboda ni wezi. Nimewahi kukaa kijiweni nikapiga hesabu nao ya tairi, mafuta ya gia ya chini na hesabu ya mwenye chombo. Wizi sikuuona.

Mnyororo haukuwa kwenye mkataba, kwa hiyo alibaki nao. Siku hizi mkono wa kushoto hauinuki vizuri juu ya bega, na hajarudi barabarani. Anakaa kijiweni na koleo, spana namba kumi na ndoo ya maji, anafungia wenzake minyororo kwa shilingi 3,000 kwa gurudumu, na wa mkopo wapo. Mdogo wao kuliko wote, ana miaka kumi na tisa, alikuja Jumamosi moja nikiwepo na tairi la mbele limekwisha kabisa, akaomba afungiwe nyuma tu, ana haraka, kuna viroba vya chai vinamsubiri bondeni. Mdogo wangu akalipapasa tairi la mbele kwa kiganja, akatikisa kichwa, akamwambia akalete lingine hata kuukuu. Kijana akabishana, akaondoka amenuna, baada ya saa nzima akarudi na tairi begani. Wakalifunga. Kisha mdogo wangu akainua pikipiki kwenye stendi, akazungusha gurudumu la nyuma hewani, akainamisha sikio kusikiliza kama kuna kipande kinachogusa.